Nyerere alivyokataa kurithi mkataba wa maji ya Nile

MTO Isiukhu hutoka katika miinuko ya Nandi, ukapenya msitu wa Kakamega na kupita kando ya mji, kisha maji yake yakaishia katika mto Nzoia. Nzoia huyabeba hadi Ziwa Victoria, katika nyanda za Budalangi. Mto Yala nao, unaopita kusini mwa msitu huo huo, hushika njia ya ziwa. Kutoka ziwani maji hutokea Jinja nchini Uganda yakiwa Nile, yakavuka Sudan Kusini na Sudan, na hatimaye kufika Misri na bahari ya Mediterania.

Kwa hivyo mkulima wa Shinyalu na mkulima wa kando ya Cairo hunywa katika bonde moja, ingawa hawajawahi kuonana. Wa kwanza hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Wa pili hapati hata milimita 30, na asipoletewa maji na mto hana shamba wala chakula. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa hofu, na hofu ikazaa mkataba ambao kwa zaidi ya miaka 30 uliwafunga mikono wakazi wa nchi za ziwa bila wao kuulizwa.

Wengi humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa Azimio la Arusha, kwa lugha ya Kiswahili na kwa mchango wake katika ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ni wachache wanaokumbuka kwamba msimamo alioutoa juu ya mikataba ya wakoloni ndio uliozifungulia Tanganyika, Uganda na Kenya mlango wa kudai sehemu yao ya maji ya Nile. Msimamo huo ulikuwa wa kukataa, lakini ulikataa huku ukiacha nafasi ya mazungumzo.

Mtoto wa mvua

Nyerere alizaliwa Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, si mbali na mji wa Musoma ulio kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Babaye, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa kabila dogo la Wazanaki. Mamaye, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Inasimuliwa kuwa alizaliwa siku ya mvua kubwa, na kwa sababu hiyo akapewa jina la Kambarage, ambalo katika imani ya Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua.

Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo kama watoto wengine wa mashambani. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, jambo lilitendeka mbali sana na Butiama ambalo halingefika masikioni mwa mchungaji yeyote wa Kizanaki. Mnamo Mei 7, 1929, Lord Lloyd, Kamishna Mkuu wa Uingereza nchini Misri, na Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, walibadilishana barua mjini Cairo juu ya matumizi ya maji ya Nile.

Barua hizo ziliitengea Misri mita za ujazo bilioni 48 za maji kwa mwaka na Sudan bilioni nne. Nchi za ziwa hazikutengewa hata tone. Zaidi ya hayo, ilikubaliwa kwamba pasijengwe mitambo ya unyunyizaji wala ya umeme juu ya Nile, matawi yake au maziwa yanayoulisha, katika Sudan na nchi zilizotawaliwa na Uingereza, bila ya idhini ya serikali ya Misri, iwapo kazi hiyo ingepunguza maji yake au kuyachelewesha. Kenya, Uganda na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Mwingereza. Uingereza wakati huo ilitegemea pamba ya bonde la Nile kwa viwanda vyake na ilitaka utulivu karibu na mfereji wa Suez. Maslahi hayo ndiyo yaliyopimwa katika mizani, na wakazi wa kando ya ziwa hawakuwamo.

Mwalimu na siasa

Mwaka 1934 Kambarage alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka kwao. Akili yake ilionekana mapema, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Wavulana ya Tabora. Alibatizwa mwaka 1943 na kupewa jina la Julius, na mwaka huo huo akajiunga na Chuo cha Makerere. Alipohitimu alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St Mary's, kisha mwaka 1949 akaenda Scotland, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma historia, uchumi na falsafa hadi mwaka 1952.

Aliporejea alimwoa Maria Gabriel na kuanza kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Julai 7, 1954 chama cha TANU kikazaliwa yeye akiwa kiongozi wake. Mwaka 1955 alisafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Baada ya safari hiyo alilazimika kuchagua kati ya chaki na siasa, akaacha kazi. Jina la Mwalimu hata hivyo lilimganda hadi kaburini.

Tanganyika ilipata Uhuru Desemba 9, 1961. Msimu huo mvua ilinyesha Afrika Mashariki kwa wingi usio wa kawaida, na katika miaka michache iliyofuata kina cha Ziwa Victoria kiliongezeka kwa zaidi ya mita mbili. Mashamba na nyumba za pwani ya ziwa zikafunikwa na maji. Nchi ilikuwa huru, ziwa limefurika, na bado kwa mujibu wa karatasi ya mwaka 1929 maji hayo yalikuwa na mwenyewe mbali.

Mali ya urithi

Nchi inapopata uhuru hukuta nyumba imejaa mikataba iliyofungwa na mtawala aliyeondoka. Desturi ya nyakati zile ilikuwa mtawala kumtaka mrithi wake atie saini ya kuikubali yote kwa jumla. Nyerere hakuiona busara ya kukubali deni kabla ya kulihesabu. Jambo lililomzindua halikuwa Nile bali bandari: Uingereza ilikuwa imewakodishia Wabelgiji sehemu za bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa ada ndogo mno, kwa muda usio na kikomo. Aliona kwamba mdhamini hakuwa na haki ya kugawa milele mali asiyokuwa nayo ila kwa muda.

Novemba 30, 1961, siku chache kabla ya Uhuru, alilieleza Bunge msimamo wake, na Tanganyika ilipokuwa huru ikaujulisha Umoja wa Mataifa. Mikataba kati ya Uingereza na nchi moja moja ingeendelea kuheshimiwa kwa miaka miwili. Katika muda huo kila upande ungeweza kuketi na Tanganyika, kuutazama mkataba upya, kuurekebisha au kuufunga. Miaka miwili ikiisha bila mapatano, mkataba ungehesabiwa umekufa, isipokuwa ule ambao sheria ya kimataifa yenyewe ingeulazimisha kuendelea kuishi.

Wanasheria duniani wameuita msimamo huo kwa jina lake. Waliokuwa wakibishana kama nchi mpya hurithi kila kitu au haikirithi chochote walipata njia ya tatu, iliyotoa muda wa kutafakari na haikumvunjia mtu heshima.

Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama vijijini, akamwachia Rashidi Kawawa. Serikali ya Kawawa ndiyo iliyouelekeza msimamo huo kwenye Nile. Julai 4, 1962, iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haikujiona imefungwa na makubaliano ya mwaka 1929. Barua hiyo hiyo ilikiri umuhimu wa maji ya Nile kwa watu wa nchi zote za bonde, na ikasema Tanganyika ilikuwa tayari kuketi na wenzake kutafuta mgawanyo wa haki.

Misri ilijibu Novemba 21, 1963 kwamba hadi yatakapopatikana makubaliano mengine, yale ya 1929 yalibaki halali. Kila upande ukashikilia lake. Hata hivyo Uganda na Kenya zilifuata nyayo za Tanganyika. Kenya ilipopata Uhuru Desemba 12, 1963, nayo ilitoa muhula wa miaka miwili kwa mikataba ya Mwingereza. Tangu muhula huo ulipokwisha, Kenya imekuwa na hoja ya kisheria kwamba Nzoia, Yala, Nyando na mito mingine inayolisha ziwa haihitaji kibali cha Cairo.

Wakati huo Misri na Sudan zilikuwa zimekwisha kugawana mto upya. Kwa mkataba wa Novemba 8, 1959 zilikadiria maji yanayofika Aswan kuwa bilioni 84 kwa mwaka. Misri ikachukua bilioni 55.5, Sudan 18.5, na kilichobaki kikahesabiwa kuwa mvuke unaopotea. Nchi za ziwa na hata Ethiopia, ambako takriban asilimia 85 ya maji hayo hutoka, hazikualikwa.

Mipaka ibaki, maji yazungumzwe

Julai 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo. Nyerere ndiye aliyewasilisha azimio la kuzitaka nchi za Afrika ziheshimu mipaka iliyokuwako zilipopata uhuru. Wapo waliostaajabu. Imekuwaje mtu aliyekataa kurithi mikataba ya mkoloni akakubali kurithi mipaka yake?

Ukiyatazama kwa makini, mambo hayo mawili yana mzizi mmoja. Nyerere aliamini kwamba mpaka ukifunguliwa mmoja yatafunguliwa yote, na gharama yake ni damu. Mkataba wa maji kinyume chake unaweza kuandikwa upya mezani bila mtu kuhamishwa kwake. Katika yote mawili alikuwa akitafuta njia isiyofikisha watu vitani. Wala hakuwa adui wa Misri. Yeye na Rais Gamal Abdel Nasser walikuwa bega kwa bega katika kuunga mkono wapigania uhuru. Na ilipofika mwaka 1967, Misri, Sudan na nchi tatu za Afrika Mashariki zilikuwa zimeanza pamoja utafiti wa mvua na maji ya maziwa ya juu, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, hali ugomvi wa kisheria haujaisha.

Mfano wa karibu zaidi ni mto Kagera, ambao ndio mkubwa kuliko yote inayomimina maji katika Ziwa Victoria. Agosti 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini huko Rusumo mkataba wa kuunda shirika la bonde la mto huo. Mwaka uliofuata Idi Amin alivamia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Kagera, na majeshi yake yakalipua daraja la Kyaka. Vita vikapiganwa katika bonde lile lile hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Mwaka 1981 Uganda ikajiunga na shirika la Kagera. Shirika lenyewe lilikosa fedha na likafa baadaye, lakini wazo la kujenga bwawa la pamoja Rusumo halikufa. Leo mtambo wa megawati 80 umejengwa hapo kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Bomba lililochelewa

Haitakuwa haki kumsifu Mwalimu bila kutaja alipokwama. Mwaka 1971 serikali yake ilianza mpango wa miaka 20 uliokusudia kila mwanakijiji apate maji safi katika umbali wa mita 400 kutoka nyumbani. Pampu zilifungwa kwa misaada ya wageni, kisha nyingi zikaharibika kwa kukosa mafuta, vipuri na mafundi. Mwaka 1991 ulipofika lengo lilikuwa mbali. Operesheni ya kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa, iliyoshika kasi kati ya 1973 na 1976, ilitumia nguvu, na kuna waliopelekwa mahali pasipo na maji ya kutosha kwa watu na mifugo.

Ujirani nao ulitetereka. Jumuiya ya Afrika Mashariki aliyoisaidia kuiasisi mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Katika miaka hiyo nchi zilizo kwenye ziwa moja hazikuweza kuzungumza kwa sauti moja juu ya samaki wake, sembuse maji yake.

Hivyo Tanzania ilikuwa na haki ya maji ya ziwa kwa maandishi, na wakazi wa Shinyanga wakaendelea kuchota visimani na katika mito ikaukayo. Bomba la kuyatoa maji ziwani hadi Kahama na Shinyanga lilianza kujengwa mwaka 2004 na kuzinduliwa mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo chake. Serikali ya Tanzania haikuomba kibali cha mtu, na ilieleza bayana kwamba haitambui mkataba wa 1929. Hoja aliyoiweka Nyerere ilisubiri karibu nusu karne kupata bomba.

Siku za mwisho

Nyerere aliachia urais kwa hiari Novemba 1985 na kurudi Butiama kulima. Hata hivyo hakuachwa apumzike. Aliongoza Tume ya Nchi za Kusini hadi mwaka 1990, na kuanzia 1996 akawa mpatanishi wa mgogoro wa Burundi mjini Arusha. Ni katika milima ya Burundi ambako chemchemi ya Nile iliyo kusini zaidi hutoka. Hakuishi kuona mapatano hayo yakitiwa saini Agosti 2000, chini ya Nelson Mandela aliyempokea kazi.

Februari 22, 1999, mawaziri wa maji wa nchi za bonde walikutana Dar es Salaam na kuunda Mpango wa Bonde la Nile. Kwa mara ya kwanza Misri, Sudan, Ethiopia na nchi za ziwa ziliketi katika chombo kimoja kujadili mto mzima. Yale yaliyopendekezwa na barua ya Julai 1962 yalikuwa yamepata ukumbi, tena katika mji uliotoa barua hiyo. Oktoba 14 mwaka huo Mwalimu alifariki katika hospitali moja ya London kwa maradhi ya saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 77. Alizikwa Butiama. Wiki chache baadaye, Novemba 30, mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha, na mwaka 2003 nchi hizo zikakubaliana itifaki ya kulisimamia bonde la Ziwa Victoria, ambalo tume yake ina makao mjini Kisumu.

Mazungumzo ya Nile yalizaa mkataba wa ushirikiano uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe Mei 14, 2010. Misri na Sudan ziliukataa, zikihofia kupoteza mafungu yao ya mwaka 1959. Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na mwishowe Sudan Kusini ziliuridhia. Kwa kutimia nchi sita, mkataba ulianza kutumika Oktoba 13, 2024. Siku iliyofuata ilitimia miaka 25 tangu kifo cha Nyerere.

Kenya iliutia saini mapema, Mei 2010, lakini mkataba ulipoanza kutumika ilikuwa haijauridhia. Jambo hilo linawahusu watu wa Kakamega kuliko wanavyodhani. Mkataba unaagiza kuundwa kwa Tume ya Bonde la Mto Nile itakayojadili nani ajenge bwawa, nani anyunyizie mashamba na nani alinde misitu inayohifadhi vyanzo vya maji. Mwanachama atakuwa na kiti katika tume hiyo, na asiye mwanachama atasikia habari.

Mvua ya Kakamega ni nyingi, na bado katika vijiji vingi akina mama na watoto hubeba mitungi kutoka chemchemini kwa kuwa mifereji haijafika. Chini ya mto, watu wa Budalangi hukimbia mafuriko ya Nzoia wakati wa masika na kutafuta maji safi wakati wa kiangazi. Kuyahifadhi maji hayo na kuyasambaza ni kazi inayohitaji mabwawa, fedha na mapatano na majirani wa chini. Nyerere alituondolea kizuizi cha kuomba ruhusa, na Tanzania yenyewe ilionyesha kwamba haki hiyo peke yake haijazi mtungi. Kuuridhia mkataba ni kazi ya Bunge la Kenya, na kufikisha maji majumbani ni kazi ya serikali ya kitaifa na ile ya kaunti. Zote mbili zinasubiri watu walio hai.